Udongo Hauna Hati: Tunaponunua na Kuuza Ardhi Yenye Sumu



Tukikutana sisi wabeba maboksi, iwe msibani, harusini au kwenye nyama choma, haipiti nusu saa kabla mazungumzo hayajafika kwenye ardhi. Nani kapata ekari ngapi Bagamoyo, nani katapeliwa Kigamboni, shemeji wa nani kauza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Tumekuwa mabingwa wa hati. Tunajua kufanya upekuzi, tunajua barua ya serikali ya mtaa, tunajua kumpigia mwanasheria usiku wa manane kwa sababu huko kwao ndiyo kwanza kumekucha. Lakini kwa miaka yote niliyokaa hapa New Jersey sijawahi kumsikia mwenzetu akiuliza swali jepesi kuliko yote hayo: hapo kwenye hicho kiwanja, kabla ya huyu anayekuuzia, palikuwa na nini?

Nazungumzia hasa ardhi ya biashara. Sheli ya zamani, gereji, ghala, kiwanda kilichofungwa, duka la drai klini. Maeneo haya ndiyo tunayoyakimbilia tukishachoka kubeba maboksi, kwa sababu yako kwenye kona nzuri, barabara inapita, na bei yake mara nyingine ni ya chini kiasi cha kutia mashaka. Mashaka hayo tunayameza. Tunasema ni bahati.

Acha niwaeleze kilichonifanya nishike kalamu. Tuna chama chetu kidogo cha kuwekeza, watu 12, wengi wetu Watanzania, Wakenya wachache na ndugu mmoja kutoka Lubumbashi. Kaka mmoja katika chama, ambaye namheshimu sana na wala sitamtaja, alituletea dili. Jengo la kona, chini palikuwa drai klini kwa miaka mingi, juu vyumba vya kupangisha. Bei yake iko chini mno ukilinganisha na majengo jirani. Mpango wake ulikuwa mwepesi: tununue, tupige rangi, tuweke wapangaji, na kabla ya miaka miwili tumuuzie mwingine kwa faida. Mmoja wetu akauliza, je, udongo umepimwa? Kaka akajibu, nami namnukuu kadiri ninavyokumbuka: "Jamani, tusipopima hatujui. Tusipojua, hatuna kosa."

Watu walicheka na wengine wakapiga makofi. Mimi sikulala. Kwa maoni yangu sentensi ile fupi ndiyo ugonjwa wenyewe wa biashara hii, huku na kule nyumbani. Siyo kwamba watu hawajui. Ni kwamba wamechagua kutojua, kisha wanataka huko kutojua kuwe ngao.

Kwanza tuelewane kuhusu sumu yenyewe, maana wengi wanadhani lazima uione au uinuse. Drai klini nyingi za Marekani zilitumia kwa miongo mingi kemikali ya majimaji inayoitwa perkloroethilini, au perki kwa kifupi. Ni nzito kuliko maji. Ikimwagika sakafuni inapenya kwenye nyufa za zege, inashuka ardhini, inayapita hata maji ya chini ya ardhi na kuendelea kushuka hadi ikutane na tabaka gumu. Halafu mvuke wake unarudi juu polepole na kuingia ndani ya nyumba, hata nyumba ya jirani ambaye hajawahi kupeleka suti kwa dobi huyo. Unaweza kung'oa mashine zote, ukapiga rangi na kuweka vigae vipya, na bado mpangaji wako wa juu anavuta ile hewa usiku akiwa amelala. Sheli nazo zina matangi ya chuma yaliyozikwa, na chuma kikikaa ardhini kinaoza. Marekani ilianza kuyawekea matangi hayo sheria ya nchi nzima mwaka 1984, na wenye matangi ya zamani wakapewa mpaka Desemba 1998 wayaboreshe, wayabadilishe au wayafunge. Yale yaliyovuja kabla ya hapo yaliacha mafuta yake kwenye udongo, na petroli ya enzi zile ilikuwa na madini ya risasi. Risasi haiozi. Mjukuu wako ataikuta palepale.

Sasa nirudi kwenye ile ngao ya kaka yetu.

Mwaka 1953, huko Niagara Falls katika jimbo la New York, kampuni ya kemikali ya Hooker iliuza eneo lake la Love Canal kwa bodi ya shule ya mji kwa dola 1. Ndiyo, dola moja. Ilikuwa imefukia humo takriban tani 21,000 za taka za kemikali. Kwenye hati ya mauzo waliandika kwamba kuna taka humo na kwamba kampuni haitawajibika kwa madhara yoyote. Bodi ikasaini. Shule ikajengwa, sehemu nyingine ya ardhi ikaachiwa wajenzi, nyumba zikasimama, familia zikahamia. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na watu wakaanza kuhamishwa. Tangu hati ile isainiwe ilikuwa imepita miaka 25, na anayekunywa sumu siyo yule aliyesaini.

Kelele za Love Canal ndizo zilizozaa sheria ya Desemba 1980 ambayo wengi wanaiita Superfund. Naomba kila mwenye ndoto ya kununua jengo la biashara hapa Marekani aielewe, kwa sababu haifanani na tunavyofikiri sisi kuhusu kosa. Sheria hii haikuulizi kama ni wewe uliyemwaga. Inakuuliza kama wewe ndiye mmiliki leo. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya serikali kuu, iliyoko New York, iliamua kesi ya kampuni ya Shore Realty, iliyonunua eneo lililojaa taka za kemikali ikitaka kuliendeleza na kupata faida. Kampuni ilijitetea kwamba taka hizo ziliwekwa na wengine. Mahakama ikasema: wewe ndiye mwenye ardhi, gharama ni zako. Tena kama wahusika ni wengi na serikali ikakupata wewe peke yako, unaweza kubebeshwa mzigo wote, kisha uhangaike mwenyewe kuwatafuta wenzako wachangie.

Kuna kifungu kingine ndani ya sheria hiyo ambacho ningependa kaka yetu akisome taratibu. Mwenye ardhi aliyegundua uchafu wakati ardhi ikiwa mikononi mwake, kisha akaiuza bila kumwambia mnunuzi, anahesabiwa kuwa na dhima kama mmiliki, na ile njia ya kujitetea kuwa hakuwa na hatia inafungwa mbele yake. Kwa hiyo ule mpango wa "tukigundua tuuze haraka" hauondoi mzigo. Unaufunga mgongoni.

Na asiyejua kabisa? Hapo ndipo penye utamu. Sheria inamtambua mnunuzi asiye na hatia, ila kwa sharti kwamba aliuliza. Lazima awe amefanya uchunguzi wa kutosha kabla ya kununua. Ukiwa hukuuliza, hujui kwa sababu ya uzembe wako, na uzembe siyo utetezi. Maneno ya kaka yetu yamegeuzwa chini juu: usipopima, ndiyo kwanza una kosa.

Lakini kwa nini niende New York wakati mfano uko hapa hapa tunapoishi? Wale wa Newark na East Orange wanaujua mji wa Orange. Kuanzia mwaka 1917 hadi 1926 kampuni iliyojulikana baadaye kama U.S. Radium ilikuwa ikichakata mawe ya madini hapo ili kutoa radiumu, kitu cha kung'arisha namba za saa zionekane gizani. Mabinti waliopaka rangi hiyo walikuwa wakichongoa brashi kwa midomo. Taya ziliwaoza. Watano kati yao waliishitaki kampuni na kufikia suluhu mwaka 1928, wakati baadhi yao walikuwa wanakufa. Kisa hiki kinajulikana sana. Kisichojulikana sana ni kilichotokea kwa kiwanja.

Mabaki ya mawe yale, yakiwa bado na radiumu, yalitupwa palepale kiwanjani. Mwaka 1943 kampuni ikauza eneo kwa kiwanda cha plastiki, ambacho kiliongeza jengo juu ya mabaki hayo. Likauzwa tena na tena. Mwaka 1974 likanunuliwa na T & E Industries, watu wa vifaa vya elektroniki, ambao walikuwa wameshafanya kazi hapo kama wapangaji. Mwaka 1979 ndipo wakaambiwa kwamba wafanyakazi wao wanakaa juu ya mionzi. Wakalazimika kuhama. Wakashitaki. Na utetezi wa upande wa pili ulikuwa ule ule wa madalali wa dunia nzima: mnunuzi ajihadhari, ungeangalia kabla hujanunua.

Mahakama Kuu kabisa ya New Jersey iliamua mwaka 1991. Ilisema kwamba aliyefanya shughuli ya hatari kupita kiasi kwenye ardhi hawezi kujificha nyuma ya "mnunuzi ajihadhari". Kuuza hakukati uzi kati yake na alichokiacha. Alikuwa anajua, au alipaswa kujua, kuhusu hatari ya radiumu tangu miaka ya 1920, na bado akauza. Hesabuni wenyewe: kutoka 1943 hadi 1991 ni miaka 48, na deni lilimkuta. Sisi tuna msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Wao walidhani dawa ya deni ni kuhamisha hati.

Hata hivyo ushindi wa mahakamani mwaka 1991 haukumrudishia mtu mapafu yake, na ndiyo maana New Jersey ilikuwa imeshafika mbali kidogo kuliko kesi. Mwaka 1983 jimbo hili lilipitisha sheria, ikaandikwa upya mwaka 1993, inayosema kwamba mwenye kiwanda cha aina zilizotajwa akitaka kuuza au kufunga lazima kwanza aiarifu idara ya mazingira ya jimbo, udongo uchunguzwe, na usafi ufanyike au fedha zake ziwekwe. Tafsiri yake kwa lugha ya sokoni: hakuna sahihi kabla ya udongo. Vituo vya mafuta havimo katika sheria hiyo, vina kanuni zake za matangi, lakini wazo ni hilo. Swali linaulizwa wakati wa mauzo, wakati fedha zipo mezani na muuzaji bado anapatikana kwenye simu.

Je, sheria ikiwepo inatosha? Hapana. Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu habari hii inaniuma kila nikiikumbuka.

Kusini mwa New Jersey, Franklin Township, kulikuwa na kiwanda cha vipimajoto kilichoitwa Accutherm. Vipimajoto vile vilikuwa vya zebaki. Kiwanda kikafunga mwaka 1994 na kufilisika, na sheria niliyoitaja hapo juu ilikuwepo tayari. Haikufuatwa. Zebaki ikabaki ndani ya sakafu na kuta. Jengo likaangukia mikononi mwa mtu mwingine kwa njia ya madeni ya kodi, kama yanavyoangukia majengo mengi hapa, na mwaka 2004 likapangishwa. Wapangaji walifungua kituo cha kulelea watoto wachanga na wadogo. Kilichoitwa, Mungu atusamehe, Kiddie Kollege.

Mwezi Aprili 2006 wakaguzi wa jimbo walipita hapo wakidhani jengo liko tupu. Wakakuta watoto. Hewa ikaja kupimwa, na mwishoni mwa Julai kituo kikafungwa. Theluthi moja hivi ya watoto waliopimwa walikutwa na zebaki juu ya kiwango cha kawaida. Fikiria umri wa kutambaa, mtoto pua yake iko sentimita chache kutoka kwenye sakafu. Jengo lilibomolewa mwaka 2010. Januari 2007 jimbo lilipitisha sheria nyingine kwamba hakuna kituo cha watoto kufunguliwa kwenye jengo lililokuwa kiwanda bila kuthibitishwa kuwa ni salama.

Wazazi wale walikuwa watu wa kazi kama sisi. Asubuhi wanamshusha mtoto, wanawahi zamu. Ni nani aliyewadanganya? Ukimfuata kila mmoja katika mnyororo ule, anaweza kukwambia kuwa yeye hakumwaga zebaki. Mwenye kiwanda ameshafilisika. Aliyepata jengo alipata kwa kodi. Aliyepangisha alipangisha. Kila mmoja anasema "sikujua", na mwisho wa mnyororo kuna mtoto. Ndiyo sababu nakataa kuiita biashara hii ujanja. Mali mbovu nyingine ukiuziwa unapata hasara ya fedha. Hii anayepata hasara hayupo hata kwenye karatasi.

Kuna watakaosema natisha watu, na kwamba kwa maneno kama haya kila kona ya mji itabaki magofu. Hoja hii ina uzito na sitaidharau. Ni kweli kwamba baada ya 1980 wanunuzi waliogopa, mabenki yaliogopa, na viwanja vya viwanda vya zamani vikabaki vimefungwa minyororo miaka na miaka, hasa katika mitaa ya watu weusi na maskini ambako viwanda vilikuwa. Idara ya mazingira ya serikali kuu, EPA, inakadiria kwamba nchi hii ina maeneo zaidi ya 450,000 ya namna hiyo, yaliyokwama kwa sababu ya uchafu au kwa kushukiwa tu. Ndiyo maana Januari 2002 sheria ilirekebishwa. Sasa mtu anaweza kununua ardhi akijua kabisa kwamba ni chafu na bado asibebeshwe dhambi za waliotangulia, ili mradi amechunguza kabla ya kununua, hana uhusiano na aliyechafua, na baada ya kununua anachukua hatua za busara kuzuia sumu isiendelee kusambaa na anawapa wenye mamlaka ushirikiano.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Kununua ardhi chafu siyo aibu. Wapo watu wanaofanya biashara hiyo kwa heshima: wananunua kwa bei ya chini kwa sababu ya uchafu, wanasafisha, wanapata barua ya mtaalamu kwamba kazi imekamilika, wanauza kwa bei ya juu, na mtaa unabaki bora kuliko walivyoukuta. Faida yao ni halali kama maziwa. Wao wanauza usafi. Kaka yetu alitaka tuuze ukimya.

Na uchunguzi wenyewe siyo wa mamilioni. Hatua ya kwanza hata hawachimbi. Mtaalamu anapekua kumbukumbu za serikali, anatazama ramani za zamani za kampuni za bima ya moto zinazoonyesha jengo kwa jengo palikuwa na nini, picha za angani, anahoji wenye eneo na majirani, anatembea kiwanjani akitazama mabomba ya kujazia matangi na madoa ya zege. Ni dola elfu chache. Akitia shaka ndipo hatua ya pili, wanatoboa na kupima udongo na maji. Ila msiulete uchunguzi wa miaka mitano iliyopita uliofanywa na mtu mwingine mkadhani mmemaliza. Sheria inataka uwe wa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kununua, na sehemu zake muhimu ziwe za ndani ya siku 180. Chama chetu kilipopiga kura, hoja ya kununua bila kupima ilishindwa kwa kura moja. Nasikitika kusema kwamba wengi walioikataa waliikataa kwa kuogopa serikali. Mama mpangaji wa ghorofa ya juu, ambaye tulimwona kwa macho yetu siku ya kukagua akiwa na mtoto mgongoni, hakutajwa na mtu.

Sasa twende nyumbani, maana fedha zetu nyingi zinaelekea huko.

Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, watu 3,000 hivi. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za gari zilizokwisha ili kupata risasi kilianza kazi ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Watoto waliugua, wanawake waliharibu mimba, watu walikufa. Phyllis Omido, ambaye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mwanawe akakutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Angalieni jambo moja ambalo magazeti hayakulikazia: walioshitakiwa hawakuwa wenye tanuru peke yao. Zilikuwemo taasisi za serikali, na alikuwemo mwenye kiwanja aliyewakodishia. Anayesema "mimi nilipangisha tu" asome kesi hiyo.

Tanzania je? Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ina kanuni kwamba mchafuzi alipe, na inatoa amri za kurejesha mazingira. Sheria siyo mbaya. Tatizo ni kwamba inamtafuta mchafuzi, na wakati wa mauzo mchafuzi ameshaondoka. Nenda ofisi ya msajili wa hati ukafanye upekuzi. Utaambiwa mmiliki ni nani, kama kuna mkopo wa benki, kama kuna zuio. Huambiwi kwamba kwa miaka 30 hapo palikuwa kiwanda cha ngozi na maji yake ya kromu yalikuwa yakimwagwa nyuma ya ukuta. Hati inajua mipaka ya kiwanja hadi sentimita, lakini chini ya nyasi haijui kitu.

Na mabadiliko ni ya kasi. Viwanda vya umma vilivyouzwa miaka ya 1990 chini ya tume ya PSRC, vingi viligeuzwa maghala, na maghala mjini yanageuka maduka na fleti kadiri ardhi inavyopanda bei. Gereji zilizomwaga oili chafu chini tangu enzi za mzee Nyerere zinavunjwa, panapanda hoteli. Sheli zinaota kama uyoga, na siku moja zitafungwa kama zilivyofungwa za huku. Mafundi betri wako kila mtaa. Sisemi kwamba kila kiwanja cha namna hii kina sumu. Nasema hakuna hatua hata moja ya mauzo ambapo mtu analazimika kuuliza, na mteja mkubwa wa viwanja hivi ni sisi tunaonunua kwa picha za simu na sauti ya binamu.

Najua jibu nitakalopewa: "Wewe umekaa Uzunguni, unataka kutuletea ya Uzunguni." Haya, basi tusifuate ya wazungu. Mtu wa pwani akitaka kuchimba kisima anawauliza wazee kwanza nini kilizikwa pale. Mnunuzi wa shamba bara anauliza kama kuna makaburi, na muuzaji akimficha kaburi ugomvi wake unafika kwa mwenyekiti wa kijiji na hauishi. Kuuliza kilichomo ardhini ni kwetu kabisa. Tumeacha kuuliza siku tulipoanza kununua kwa dalali.

Ninachokitaka ni kidogo, na nakitaka kutoka kwa wabunge wa Tanzania kwanza kwa sababu ndiko kwangu. Ardhi iliyotumika kwa kiwanda, mafuta, betri, ngozi au kemikali isihamishwe jina mpaka muuzaji aandike kwa sahihi yake ilitumika kwa nini na kwa miaka gani, na andiko hilo likae kwenye jalada la hati ambako kila mnunuzi wa baadaye atalikuta. Hata kabla ya kuingia kwenye kupima, ambako ni ghali, maneno yaandikwe. Akiandika uongo, deni limfuate hata akiuza kwa watu kumi. Na sisi wenyewe, wakati tunasubiri Bunge, tunaweza kuanza kesho: mkataba wowote wa ardhi ya biashara tunaoutia saini uwe na mstari huo, na muuzaji akikataa kuuandika, hapo mmeshapata majibu bila ya maabara.

Kile kiwanja cha kona kimeshanunuliwa na wengine. Nimepita juzi nikitoka kazini, rangi imeshapigwa, taa za ghorofa ya juu zinawaka. Kaka yetu ananiambia tulipoteza dili la maisha. Nimemwomba aje hapa ajibu hoja zangu moja baada ya nyingine, kwa hoja na siyo kwa jazba, na aanze na hili: kama kweli hakuna kilichomo chini ya ile sakafu, ni kwa nini muuzaji alikataa tusitoboe shimo moja kwa gharama zetu?

Naomba kuwasilisha.